Kuchagua Chombo cha Kioo Kinachostahimili Joto

Swali la bibi

Ni jioni katika nyumba moja ya Kituntu, wilayani Karagwe. Maharage yameiva katika chungu cha bibi, ambacho kimekaa juu ya mafiga tangu adhuhuri. Leo mama amerudi kutoka Kayanga na bakuli jipya la kioo, naye anataka jamaa walitumie kwa mara ya kwanza. Anaepua chungu, kisha anamimina maharage yanayotokota ndani ya bakuli. Mara, paa! Bakuli linapasuka vipande viwili. Maharage yanamwagika mkekani, na mchuzi wa moto unamrukia mtoto mguuni.

Bibi anamvuta mtoto kando upesi na kuumwagia mguu wake maji safi ya baridi.

"Nani amelisukuma bakuli langu?" mama anauliza.

"Hakuna aliyeligusa, mwanangu," bibi anajibu. "Lakini mimi pia nina swali. Chungu changu kimekaa motoni mchana kutwa, nacho hakikupasuka. Bakuli hili halikukaa motoni hata kidogo. Mbona limepasuka?"

Swali la bibi ni swali la sayansi. Katika somo hili tutatafuta jibu lake. Tukilipata, tutajua pia namna ya kuchagua chombo cha kioo kinachofaa jikoni, ili fedha za nyumbani zisipotee na mtu asiungue wala kukatwa.

Joto hutanua vitu

Vitu vingi hutanuka vipatapo joto na husinyaa vinapopoa. Fanyeni jaribio hili pamoja na mwalimu wenu.

Jaribio la 1

Vifaa: Msumari mrefu wa sentimita 15, misumari midogo miwili, ubao, nyundo, koleo, jiko lenye mkaa unaowaka.

Namna ya kufanya: Pigilieni misumari midogo miwili ubaoni. Nafasi iliyo kati yao iwe sawa na urefu wa msumari mrefu, hata msumari huo ulazwapo upite katikati ukigusagusa. Mwalimu aushike msumari mrefu kwa koleo na kuuweka katika mkaa mpaka uwe mwekundu. Kisha ajaribu kuupitisha tena katikati ya misumari midogo. Msiuguse kwa mkono.

Mnaona nini? Msumari wa moto haupiti. Umerefuka. Uacheni upoe kabisa, halafu jaribuni tena. Sasa unapita kama mwanzo.

Kutanuka huku ni kudogo, lakini kuna nguvu kubwa. Vitu havitanuki kwa kiasi kilicho sawa. Tukichukua fito zenye urefu wa mita 1 kila mmoja, na kuziongezea joto la nyuzi 100 za Sentigredi, hurefuka hivi:

Ufito wa alumini: milimita 2.4
Ufito wa chuma: milimita 1.2
Ufito wa kioo cha kawaida: milimita 0.9
Ufito wa kioo chenye boroni: milimita 0.3

Tazameni tarakimu hizo kwa makini. Kioo cha kawaida hutanuka kuliko kioo chenye boroni mara tatu. Lakini alumini hutanuka kuliko vioo vyote viwili, na tunajua kwamba sufuria ya alumini haipasuki motoni. Kwa hiyo kutanuka peke yake si jibu kamili. Lazima tutafute jambo la pili.

Joto hupita upesi au polepole

Jaribio la 2

Vifaa: Kikombe cha bati, bilauri ya kioo, maji ya vuguvugu.

Namna ya kufanya: Tumieni maji ambayo kidole kinaweza kuyastahimili bila kuungua. Mimineni maji yenye kiasi sawa katika kikombe na katika bilauri kwa wakati mmoja. Gusa upande wa nje wa kila chombo.

Mnaona nini? Kikombe cha bati huwa na joto mara moja. Bilauri hukawia.

Metali hupitisha joto upesi. Sufuria iwekwapo motoni, joto huenea haraka tumboni, mdomoni na hata mkononi mwake. Sehemu zake zote hutanuka karibu pamoja. Tena, metali hupindika kidogo bila kuvunjika. Kioo hupitisha joto polepole, na hakipindiki. Kikizidiwa, huvunjika.

Kwa nini kioo hupasuka

Rudini sasa kwenye bakuli la mama. Maharage ya moto yalipomiminwa, upande wa ndani wa bakuli ulipata joto kali ghafla, ukataka kutanuka. Upande wa nje ulikuwa bado wa baridi, kwa sababu joto halijaufikia, nao haukutanuka. Upande wa ndani ukausukuma na kuuvuta upande wa nje.

Fikirini watu wanaobeba mgonjwa kwa machela. Wote wakienda kwa mwendo mmoja, machela husalimika. Wa mbele wakikimbia na wa nyuma wakisimama, machela huvutwa mpaka ikatike. Ndivyo ilivyo kwa kioo. Kioo huweza kustahimili kubanwa, lakini ni dhaifu kikivutwa. Palipo na mkwaruzo au ufa mdogo ndipo kinapoanza kupasuka.

Basi jibu la swali la bibi limeanza kuonekana. Kinachopasua kioo si joto peke yake, bali ni tofauti ya joto kati ya sehemu moja na nyingine ya chombo kile kile.

Jambo hili linajulikana pia kwa watu waliotumia taa ya chemli. Siku hizi nyumba nyingi huwaka taa za umeme au za nguvu ya jua, lakini wazee wanakumbuka: tone moja la mvua likiangukia kioo cha chemli kilicho moto, kioo hupasuka papo hapo. Mahali palipoangukiwa na tone hupoa na kusinyaa ghafla, na sehemu nyingine bado ni za moto. Kwa hiyo kuweka kitu cha baridi juu ya kioo cha moto ni hatari sawa na kuweka kitu cha moto juu ya kioo cha baridi, na mara nyingi ni hatari zaidi.

Watu wengi hudhani kwamba kioo kinene hustahimili joto kuliko kioo chembamba. Sivyo. Joto hukawia zaidi kupita katika kioo kinene, na tofauti kati ya ndani na nje huwa kubwa zaidi. Ndiyo sababu neli za majaribio zinazotumika katika maabara hutengenezwa kwa kioo chembamba. Unene hukinga chombo kisivunjike kikigongwa, lakini haukikingi na joto la ghafla.

Kioo hutengenezwaje?

Kioo cha kawaida hutengenezwa kwa mchanga mweupe, magadi yaliyosafishwa na chokaa. Magadi ni yale yale mnayoyajua, yanayotumika kulainisha maharage. Magadi yanayochimbwa katika Ziwa Magadi, nchini Kenya, hutumika pia katika viwanda vya kioo. Vitu hivyo vitatu huyeyushwa pamoja katika tanuri kali sana, kisha kioo kilichoyeyuka hufinyangwa kabla hakijapoa. Hapa Tanzania, kiwanda cha Kioo Limited kilichoko Dar es Salaam hutengeneza chupa. Chupa za soda, mitungi ya jemu na bilauri nyingi za kunywea ni za kioo cha kawaida. Vyombo hivyo ni vizuri kwa kazi yake, lakini havikutengenezwa kwa kupikia.

Kioo kinachostahimili joto zaidi kiko cha aina mbili.

Aina ya kwanza ni kioo chenye boroni. Mafundi hupunguza magadi na chokaa, wakaongeza madini ya boroni. Kioo hiki hutanuka kidogo sana. Kwa hiyo, hata upande mmoja ukiwa wa moto na mwingine wa baridi, mvutano ulioko kati yao ni mdogo.

Aina ya pili ni kioo kilichokazwa. Hiki huwa ni kioo cha kawaida kilichopashwa moto mkali, kisha kikapozwa upesi kwa upepo pande zote. Ngozi yake ya nje hubaki imebanwa kwa nguvu, na ufa hupata shida kuanza. Kioo hiki hustahimili kugongwa kuliko kioo cha kawaida, na hustahimili joto la ghafla kuliko kioo cha kawaida, lakini kwa upande wa joto hakikifikii kile chenye boroni. Kikivunjika, kwa kawaida hutawanyika vipande vidogo vingi.

Taa za reli na keki ya mama mmoja

Kioo chenye boroni kilianza Ujerumani. Mtaalamu Otto Schott alichunguza jinsi kioo kinavyobadilika kinapochanganywa na madini mbalimbali. Mwaka 1884 yeye na wenzake walianzisha karakana ya kioo katika mji wa Jena. Huko walipata kioo chenye boroni, kilichofaa kwa vipimajoto, vioo vya taa na vyombo vya maabara.

Huko Marekani, kampuni ya Corning Glass Works ilikuwa na tatizo la taa za reli. Vioo vya taa hizo vilipashwa joto na moto ulio ndani, na nje viliangukiwa na mvua na theluji. Vilipasuka, kama kioo cha chemli. Taa ikizimika, dereva wa garimoshi haoni ishara, na watu wanaweza kufa. Wataalamu wa kampuni hiyo wakatengeneza kioo chenye boroni, na vioo vya taa vikadumu.

Mwaka 1913 Jesse Littleton, mtaalamu wa fizikia katika kampuni hiyo, alichukua kitako cha gudulia la betri lililotengenezwa kwa kioo hicho, akampelekea mkewe, Bessie. Bessie akaoka keki ndani yake. Keki iliiva vizuri na kioo hakikupasuka. Mwaka 1915 kampuni ikaanza kuuza vyombo vya kuokea kwa jina la Pyrex.

Jina hilo linatumika hata leo, lakini vyombo vyote vyenye jina hilo si vya kioo cha aina moja. Vingine ni vya kioo chenye boroni, na vingine, kama vile vinavyotengenezwa Marekani miaka ya karibuni, ni vya kioo cha kawaida kilichokazwa. Kwa hiyo jina la chombo peke yake halitoshi. Mnunuzi lazima asome maelezo.

Chungu cha bibi

Je, kwa nini chungu hakikupasuka? Mfinyanzi hatumii udongo mtupu. Huuchanganya na mchanga au vigae vilivyosagwa. Chungu kikishachomwa, ndani ya ukuta wake hubaki punje nyingi na vitundu vidogo sana. Ufa mdogo ukianza, hukutana na punje au kitundu, ukasimama. Katika kioo hakuna cha kuusimamisha: ufa ukianza, hukimbia mpaka mwisho. Tena, tumbo la chungu ni la mviringo. Halina pembe ambapo mvutano hukusanyika.

Bibi naye ana ujuzi wake. Chungu kipya hakiweki kwenye moto mkali mara moja. Hukitia maji, akakipasha polepole. Wala hamimini maji baridi katika chungu kikavu kilicho moto. Hakusoma kanuni hii kitabuni, lakini anaifuata kila siku.

Katika Mkoa wa Kagera ujuzi wa kuchagua udongo wa kustahimili moto ni wa kale. Wafua chuma wa Buhaya walitumia udongo wa vichuguu kujengea matanuri yao, kwa kuwa huvumilia moto mkali. Katika miaka ya 1970, wazee walioijua kazi hiyo walijenga tanuri upya na kufua chuma mbele ya watafiti Peter Schmidt na Donald Avery, ambao walichapisha taarifa yao mwaka 1978.

Namna ya kuchagua

Kabla ya kununua chombo cha kioo, jiulize maswali haya.

1. Kitawekwa wapi? Hili ndilo swali kubwa. Vyombo vingi vya kioo kinachostahimili joto vimetengenezwa kwa ajili ya tanuri la kuokea, ambamo joto huzunguka chombo pande zote. Havikutengenezwa kwa moto wa wazi. Mwali wa kuni hupiga mahali pamoja, na jiwe la figa huweza kukwaruza kitako. Kwa mafiga na jiko la mkaa, chagua chungu au sufuria. Chombo cha kioo kitumike kwa kuandalia na kuhifadhia chakula, au kwa kuokea kama tanuri lipo.

2. Kimeandikwa nini? Tafuta maandishi kitakoni au kwenye boksi. Tazama kama yanataja boroni, au kama yanasema kioo kimekazwa. Tazama pia tarakimu yenye alama ya °C, inayoonyesha kiasi cha joto. Mara nyingi maandishi haya ni ya Kiingereza. Usione haya kumwomba mwenye kuyajua akufasirie. Chombo kisicho na maelezo yoyote kihesabiwe kuwa cha kioo cha kawaida.

3. Je, ni kizima? Kiinue kwenye mwanga. Kisiwe na ufa, mkwaruzo, povu la hewa wala mdomo uliomeguka. Unene uwe sawa kila upande, na pembe ziwe za mviringo.

4. Je, tunakihitaji? Kioo kina sifa nzuri. Hakishiki kutu, hakiharibiwi na ndimu wala nyanya, hakibaki na harufu ya chakula cha jana, na huosheka kwa urahisi. Lakini kikianguka sakafuni ndiyo mwisho wake. Nyumba isiyo na tanuri la kuokea haina lazima ya kununua chombo cha kuokea kilicho ghali.

Namna ya kutumia

Chombo chema kikitumiwa vibaya kitapasuka pia. Fuateni mambo haya:

Kabla ya kutia chakula cha moto, suuza chombo kwa maji ya vuguvugu ili kipate joto polepole. Fanya hivyo hata kwa bilauri ya chai.

Ukitoa chombo cha moto, kiweke juu ya ubao, kitambaa kikavu au kata ya majani makavu ya mgomba. Usikiweke juu ya saruji baridi wala mahali penye maji.

Usikioshe mpaka kimepoa.

Usikitoe kwenye jokofu na kukitia moja kwa moja katika tanuri.

Usikisugue kwa mchanga wala kwa waya wa chuma, maana kila mkwaruzo ni mwanzo wa ufa.

Kikipasuka chakula kikiwamo, mwaga chakula chote. Vipande vingine ni vidogo mno, macho hayavioni. Usiokote vipande kwa mikono mitupu. Fagia, funga katika boksi au karatasi nene, kisha fukia shimoni mbali na mahali watoto wanapochezea.

Mtu akiungua, mwagia mahali palipoungua maji safi ya baridi kwa muda wa dakika 20. Usipake mafuta, majivu wala dawa ya meno. Kisha mpeleke zahanati.

Jibu la bibi

Sasa tunaweza kumjibu bibi: "Bibi, chungu chako kilipata joto polepole, na udongo wake una punje zinazozuia ufa. Bakuli lilipata joto ghafla upande mmoja, nalo ni la kioo cha kawaida kinachotanuka sana." Mama akienda tena Kayanga, atageuza bakuli kwanza na kusoma kitako chake. Na maharage yataendelea kupikwa katika chungu.

Mambo ya kukumbuka

Vitu vingi hutanuka vipatapo joto na husinyaa vinapopoa.
Kioo hupasuka sehemu zake zinapotofautiana sana kwa joto.
Kioo chenye boroni hutanuka kidogo kuliko kioo cha kawaida.
Kioo kinene si lazima kistahimili joto zaidi.
Kioo kinachofaa kwa tanuri si lazima kifae kwa moto wa wazi.

Maswali

1. Kwa nini msumari wa moto haukupita katikati ya misumari midogo?
2. Alumini hutanuka kuliko kioo. Kwa nini sufuria ya alumini haipasuki?
3. Ufito wa kioo cha kawaida una urefu wa mita 2. Utarefuka milimita ngapi ukiongezewa joto la nyuzi 100 za Sentigredi? Ufito wa kioo chenye boroni ulio sawa na huo utarefuka milimita ngapi?
4. Eleza kwa nini tone la maji baridi huweza kupasua kioo cha taa.
5. Chunguza vyombo vya kioo vilivyoko nyumbani kwenu. Soma maandishi yake, kisha uandike ni vipi vinavyofaa kwa chakula cha moto na ni vipi visivyofaa. Waeleze jamaa zako ulichokiona.